Mwani Wake, Mizani ya Nani?

Ukitaka kujua kama shamba la baharini au bwawa la samaki linaendeshwa kwa haki, usihesabu vichwa. Nenda siku ya mauzo, utazame nani ameshika mizani, nani anaandika kilo daftarini, na pesa zikitolewa zinaingia mkononi mwa nani. Mwongozo huu ni wako wewe unayeanzisha au kuongoza kazi ya ukuzaji viumbe maji, iwe ni kikundi cha mwani, mabwawa ya kambale na sato, vizimba ziwani, unenepeshaji wa kaa au ufugaji wa jongoo bahari. Uwe mwenyekiti wa kikundi, ofisa ugani, msimamizi wa mradi au mwenye mtaji. Hoja yake ni moja. Usawa katika kazi hii hauletwi na idadi ya wanawake waliomo. Unaletwa na nani mwenye kauli juu ya vitu vinne: mahali pa kulima, chombo cha kufanyia kazi, maarifa, na pesa. Na kauli hiyo hupangwa mapema, kazi ikiwa bado haijazaa kitu, maana faida ikishaonekana kila mtu ana sababu ya kuuchelewesha mpango.

Ushahidi mkubwa wa hoja hii uko Zanzibar. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huko mwaka 1989, katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja kama Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino za aina mbili ambazo wakulima wanaziita spinosamu na kotonii. Leo kilimo hicho kina wakulima zaidi ya 20,000, na katika kila kumi, takriban wanane ni wanawake. Kwa kipimo cha vichwa, ni sekta chache sana zinazoikaribia. Sasa mtazame mkulima huyo kwa karibu. Bamvua likifika na maji yakapwa, anaingia baharini na mafungu ya kamba na taitai, zile nyuzi fupi za kufungia vipande vya mbegu. Anapigilia vigingi mchangani, anavuta kamba kutoka kigingi hadi kigingi, anainama na kufunga kipande kimoja kimoja. Kwa saa kadhaa kiuno kimekunjika, miguu imo ndani ya maji ya chumvi yaliyopata moto, mwanga unamrudi usoni kutoka majini na macho yanamwasha. Baada ya wiki sita hivi anavuna, anabeba viroba vinavyochuruzika maji hadi pwani, anauanika mwani na kuugeuzageuza siku mbili tatu. Kilo saba au nane mbichi zinamwachia kilo moja kavu. Hapo ndipo anapokuja mtu mwenye mizani.

Mara nyingi mtu huyo ndiye pia aliyetoa kamba na taitai. Utaratibu uliozoeleka ni kampuni ya ununuzi kuwapa wakulima vifaa bila malipo, na wakulima kuiuzia kampuni hiyo hiyo. Kwa mwanamke asiye na mtaji huo ulikuwa mlango wa kuingilia kazini, na wako wengi waliosomesha watoto na kuezeka nyumba kwa pesa ya mwani; jambo hilo lisidharauliwe hata kidogo. Lakini aliyekupa kamba ndiye anayetaja bei, naye bei anaitoa kwenye soko la karaginani, ule ute wa mwani unaotumika kugandisha vyakula na kutengenezea dawa ya meno na vipodozi, soko ambalo mkulima wa Jambiani hana kiti ndani yake. Wanaume wengi waliojaribu kilimo hiki mwanzoni waliona malipo hayalingani na uvuvi wala kazi za utalii, wakaondoka. Wanawake walibaki kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kwenda. Basi wingi wao tusiusome kama ushindi. Kwa sehemu kubwa ni alama ya kazi isiyolipa. Ndiyo maana ripoti ya mradi inayojisifu kwa asilimia ya wanawake waliofikiwa haijakuambia lolote bado.

Halafu bahari ikabadilika. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kotonii, ambayo bei yake huizidi spinosamu kwa mbali, imekuwa ikifa katika maji mafupi. Maji yanapata joto, matawi yanageuka meupe, yanalainika na kukatika yenyewe, na mkulima anakuta kamba tupu. Spinosamu inastahimili zaidi, lakini ndiyo yenye bei ndogo. Dkt. Flower Msuya, mtafiti aliyeutumikia mwani wa Zanzibar kwa miongo kadhaa, alijaribu pamoja na wakulima njia ya kuuotesha katika nyavu ndefu mfano wa bomba zinazoelea kwenye maji marefu, ambako joto halipandi sana. Mwani unaota. Kinachokwamisha ni kwamba kufika huko kunataka chombo na kunataka kujua kuogelea, na wanawake wengi wa pwani walikua ufukweni bila kufundishwa kuogelea hata siku moja, ilhali kaka zao walijifunza wenyewe wakicheza. Hapa usawa unaingia ndani ya uendelevu wenyewe. Zao linahitaji kuhamia maji marefu ili lidumu, na mikono inayolijua zao hilo kuliko mingine yote imezuiliwa kwenye maji ya magoti.

Kwa hiyo anza kazi yako kwa kusoma saa za watu kabla ya kusoma kina cha maji. Chukua wiki moja ya bamvua na wiki moja ya maji mafu, kaa na wanawake peke yao, kisha wanaume peke yao, kisha vijana, uwaombe wakueleze siku nzima tangu adhana ya alfajiri hadi kulala: nani anateka maji, nani anapika, nani analisha samaki, nani anaenda gulioni, nani anashika simu ya pesa. Utagundua mambo ambayo fomu ya mradi haiulizi. Bwawa lililo nyuma ya nyumba, kwa mfano, hulishwa na mwanamke na watoto kwa sababu liko karibu na jiko, lakini siku ya kuvua anatokea mume na mchuuzi wake. Utagundua pia kwamba mkutano ulioitisha saa tatu asubuhi umeangukia saa ya maji kupwa, ukapata wanaume na wazee tu, ukaandika kwamba jamii imekubali. Jedwali la maji ni waraka wa kwanza wa kikundi cha pwani. Liwe mezani kila unapopanga tarehe ya mkutano, mafunzo au malipo.

Mahali pa kulima ndipo penye mtego mkubwa zaidi, na hapa nakuomba usiharakishe. Bwawa hufuata ardhi, na ardhi mara nyingi iko kwa jina la mwanamume. Mwaka 2009 serikali ya Kenya, katika mpango wa kuchochea uchumi, ililenga kuchimba mabwawa 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140. Mengi yaliachwa baadaye kwa sababu kadhaa, chakula ghali cha samaki na uhaba wa vifaranga bora vikiwa mbele. Lakini angalia jinsi mpango wa aina hiyo unavyochagua watu wake hata kabla ya kisamaki cha kwanza: mwenye shamba lenye maji ndiye mwenye bwawa, na mke anayelilisha anabaki msaidizi kwenye mali ambayo mume akifa shemeji wanaweza kuidai. Sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Katiba ya Kenya ya 2010 inataka mila za ubaguzi wa kijinsia katika ardhi ziondolewe. Haki hiyo huwa karatasi tu mpaka mtu aitie kwenye karatasi nyingine, ile ya bwawa lenu. Basi kabla jembe la kwanza halijashuka, pata maandishi yenye majina ya mume na mke wote wawili, au mkataba wa kukodi, wenye miaka ya kutosha kurudisha gharama za kuchimba na kubakiza faida, kati ya mwenye ardhi na kikundi cha wanawake. Mkataba wa miaka miwili kwa bwawa lililochukua miezi kuchimbwa ni zawadi kwa mwenye shamba. Weka na kifungu kinachosema mmoja akifariki, mwenzake anaendelea hadi mwisho wa muda.

Baharini hali ni ngumu zaidi kwa kuwa hakuna hati ya maji. Kitalu cha mwani hutambuliwa na majirani na kamati ya kijiji, basi. Utambuzi huo ulitosha ufuo ulipokuwa hauna mshindani. Paje ya leo ina hoteli zilizopangana ufukweni na wageni wanaoteleza juu ya maji kwa tiara, pale pale palipopigiliwa vigingi, na mkulima asiye na kipande cha karatasi hana la kushika mezani anapoambiwa asogee. Chora ramani ya vitalu pamoja na wenyewe, taja mipaka kwa alama wanazozijua, jiwe, mkondo, mti wa ufukweni, andika jina la kila mkulima kama anavyoitwa yeye na si kama mke wa fulani, kisha ipeleke kwa sheha au serikali ya kijiji na kwenye kamati inayosimamia uvuvi wa eneo hilo ikagongwe muhuri. Nakala moja ibaki kwenye kikundi. Muhuri wa sheha haulingani na hati ya mahakama, lakini mbele ya mwekezaji anayedai eneo lilikuwa tupu unabadilisha mazungumzo.

Tukija kwenye chombo, usinunue kitu kabla hujauliza nani ataweza kukitumia. Boti kubwa ya faiba yenye mashine, ikitolewa kwa kikundi cha wanawake wasiojua kuogelea wala kuongoza mashine, itakuwa boti ya nahodha ndani ya mwezi mmoja, na kikundi kitakuwa kinamlipa mtu ili kifikie shamba lake chenyewe. Fedha za boti zigawe: sehemu inunue chombo kidogo wanachokimudu, sehemu iwe ya mafunzo ya kuogelea na ya kuendesha, sehemu ya maboya ya kuvaa. Mafunzo ya kuogelea yanawezekana pwani yetu. Kule Nungwi, kaskazini mwa Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea na wakufunzi wanawake, wakiwa na mavazi yanayositiri mwili mzima, na wazazi waliokuwa na wasiwasi walipata jibu kwa kuona. Zingatia na vitu vidogo, kwa sababu vidogo ndivyo vinavyoumiza kila siku: viatu vya maji dhidi ya miiba na vigae, miwani ya kukinga macho, kichanja cha kuanikia kinachofika kiunoni ili mtu asigeuze mwani akiwa ameinama, kiroba cha kilo 20 badala ya gunia linalomvunja mgongo mama mjamzito.

Na chombo kinachakaa. Huko Nduru, kwenye Ghuba la Winam upande wa Kenya, wachuuzi wanawake walikuwa wamebanwa na mtindo unaojulikana kama jaboya, ambapo mvuvi humpa mwanamke samaki wa kuuza kwa sharti la kulala naye. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wanawake hao walipata mashua zao wenyewe kwa msaada na wakaajiri wavuvi, mpangilio ukageuka: mwenye samaki akawa mwanamke, na aliyeomba kazi akawa mwanamume. Hilo linathibitisha hoja yetu kuliko hotuba yoyote, kwani tabia iliyosemwa kuwa mila ilitikisika siku umiliki ulipohama. Lakini mashua zilizeeka, matengenezo yakakosa pesa, na mafuriko ya 2020 yakakifunika kijiji. Kwa hiyo andika kwenye katiba ya kikundi kwamba katika kila mauzo, kabla ya mgao, sehemu fulani inakwenda kwenye mfuko wa matengenezo unaohifadhiwa mbali na akaunti ya mgao. Kiasi amueni wenyewe. Muhimu kikatwe kwanza, siyo kisubiri kitakachobaki.

Kuhusu maarifa nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kosa lenyewe ni la wazi. Mialiko ya mafunzo hupelekwa kwa mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya hurudi na kofia na kijitabu, wakati anayelisha samaki ni mwingine. Mwalike anayefanya kazi. Ikiwa ni mume na mke, waalike wote wawili, na wakae pamoja kwenye hesabu ya gharama na mauzo, maana hapo ndipo mume anapoona kwa mara ya kwanza ni saa ngapi za mkewe zimo ndani ya kilo moja ya sato. Fundisha kwa kitendo bwawani au pwani, kwa Kiswahili cha pale pale, na tafuta mama au binti anayeweza kuangalia watoto wakati wa somo, alipwe kwa bajeti ya mafunzo. Iwapo mradi wako una nafasi ya kwenda mbali zaidi, kuna mfano wa uwanda wa mafuriko wa Barotse, magharibi mwa Zambia. Watafiti walilinganisha vikundi vya usindikaji wa samaki vilivyopewa teknolojia na mafunzo ya kawaida na vile vilivyoongezewa michezo ya kuigiza iliyofuatwa na majadiliano ya kijiji kuhusu nani anafanya nini na nani anaamua nini nyumbani. Vile vya michezo ya kuigiza vilionyesha mabadiliko makubwa zaidi katika mitazamo na katika kauli ya wanawake. Teknolojia peke yake iliwaacha watu karibu pale pale walipokuwa.

Sasa pesa, ambako safari nzima huishia. Kikundi kiwe na mizani yake. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko mashine yoyote utakayoota kununua, na hakuna kinachorudisha heshima upesi kama mkulima kupima mwani wake kabla mnunuzi hajafika, akaandika kilo zake, kisha akalinganisha. Tofauti ikitokea, inajadiliwa mbele ya wote. Malipo yaingie kwenye namba ya simu ya aliyelima, kwa jina lake. Kama hana simu wala kitambulisho, kumsaidia kuvipata ni kazi ya mradi, kwa sababu malipo yanayopitia simu ya mume au ya mwanawe mkubwa yameshaamua nani ataulizwa yatumikeje. Daftari la mauzo lisomwe kwa sauti katika kila mkutano, tarehe, kilo, bei, makato, ili asiyejua kusoma naye akague.

Kuna kifungu kimoja ambacho vikundi vingi hukisahau, na kwa maoni yangu ndicho cha maana kuliko vyote. Vikundi vya wanawake kama vile vya Paje na Kidoti vimeonyesha kwamba mwani ukisagwa na kutengenezwa sabuni, mafuta ya kujipaka au unga, mkulima anapata mara nyingi zaidi ya anachopata akiuza kavu kwa kilo. Ni njia nzuri, ifuate. Ila kazi inapoanza kulipa, mashine inapoletwa na wageni wanapokuja na oda, wanaoingia ni wengine, wenye shule, wenye Kiingereza, wenye gari. Anakuwa meneja kijana aliyeletwa kwa ajili ya oda hizo, na waliolima wanarudi kuwa wauzaji wa malighafi mlangoni kwa kiwanda walichokianzisha. Zuia hilo mapema. Andika kwamba hisa za kikundi haziuzwi kwa mtu wa nje bila kura ya theluthi mbili ya wakulima, kwamba kila nafasi ya kuajiriwa kwenye usindikaji inatangazwa kwa wanachama kwanza, na kwamba saini za benki ni tatu, mbili kati yake za wanaolima. Siku ya kuandika haya wataona unawachosha. Ni siku ambayo bado hakuna cha kugombea, na ndiyo siku pekee ambayo wote watakubali.

Usidhani pia kwamba ukisema wanawake umeshamaliza. Mwanamke ambaye mumewe ni diwani na mwanamke mjane aliyehamia kijijini mwaka jana hawakai sawa kwenye mkeka mmoja. Ukiacha uchaguzi uende wenyewe, kikundi kitaongozwa na yule wa kwanza, na wa pili ataambiwa ada ya kiingilio imempita. Ruhusu kiingilio kilipwe kwa kazi au kikatwe kidogo kidogo kwenye mavuno. Watu wenye ulemavu hutajwa kwenye maandiko ya mradi na kusahauliwa pwani, ingawa mnyororo wa kazi hii ni mrefu na si wote unaotaka miguu majini: kufunga mbegu kwenye taitai kunafanyika kivulini umekaa, kadhalika kupima, kufungasha, kuweka hesabu, kutunza vifaranga kwenye matangi, kuuza kwa simu. Mtu asiyesikia anahitaji maelekezo ya mkono na picha. Anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji njia ya zege ya mita chache kutoka barabarani hadi bandani, pamoja na choo anachoweza kukiingia. Kwa Tanzania Bara, halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulizia masharti yake mapema, kwa kuwa kikundi chenye katiba, daftari safi na mkataba wa mahali ndicho chenye cha kuonyesha mbele ya maofisa.

Utapingwa, na wapingaji wengine wana hoja inayostahili jibu. Ya kwanza ni ya dini na mila. Katika vijiji vya pwani, ambako wengi ni Waislamu, anza na lililo wazi kwa kila mwanachuoni: sheria ya dini inaitambua mali ya mwanamke kuwa yake, alichochuma ni chake, na matumizi ya nyumba ni wajibu wa mume. Bibi Khadija, mke wa Mtume Muhammad, alikuwa mfanyabiashara mwenye mali, na hakuna anayelikana hilo. Kwa hiyo mizani, daftari na akaunti havigusi dini popote. Kinachogusa ni stara na mchanganyiko wa wanaume na wanawake, na hayo yana majibu ya vitendo: mavazi, wakufunzi wanawake, safari za boti kwa vikundi. Nenda kwa imamu na wazee kabla ya kwenda kwa wanachama, uwaeleze hivyo, na uwasikilize wanapokuonya. Mara nyingi wanachokataa ni mtu wa mjini aliyekuja kuamuru, na hapo wana haki.

Hoja ya pili ni kwamba wanaume watasusa, au ugomvi utaingia nyumbani. Hatari hii ni ya kweli. Pesa mpya mkononi mwa mke imewahi kuleta vipigo, na mpango unaoipuuza unamuumiza yule yule unayedai kumsaidia. Jibu ni kuwaingiza wanaume mapema kwa kazi na wajibu unaojulikana, kama kujenga vichanja, kulinda vizimba usiku, kuongoza chombo kwa malipo, na kuwaonyesha hesabu ya kaya nzima. Pia kuweka mtu wa kuaminika, mwanamke, ambaye mwanachama anaweza kumwambia yanayomkuta bila jina lake kufika kikaoni. Kuwaficha wanaume ili mambo yaende haraka ni kuahirisha ugomvi mpaka siku ya mgao.

Ya tatu husemwa na wenye mtaji: haya yote yana gharama na yanapunguza tija. Yana gharama, ni kweli, ya miezi michache na sehemu ya bajeti. Lakini FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya mwaka 2011 kuhusu kilimo, ilikadiria kwamba wanawake wakipata rasilimali sawa na wanaume mavuno ya mashamba yao yangeongezeka kwa asilimia 20 hadi 30. Hayo ni ya nchi kavu, na sitaki kuyahamishia majini kwa nguvu. Ila utaratibu wake ni ule ule. Mkulima asiye na uhakika wa kitalu hawekezi kwenye kitalu. Anayelisha samaki bila kujua watauzwa shilingi ngapi hana sababu ya kuamka usiku hewa inapopungua bwawani. Hasara ya kumweka mtu mbali na maamuzi huonekana kwenye samaki waliokufa na kamba zilizotelekezwa, ila hakuna anayeiandika kwenye safu ya gharama.

Na ya nne, ambayo husemwa kwa sauti ya upole: wanawake wenyewe hawataki, waliulizwa wakakataa maji marefu. Uliza tena, ukiwa na boya mkononi na mwalimu pembeni. Anayekataa kuingia kwenye boti isiyo na kinga, bila kujua kuogelea, na mtoto akimsubiri nyumbani, amefanya uamuzi wa akili timamu kwa hali aliyonayo. Badilisha hali, kisha uheshimu jibu lolote utakalopewa. Wapo watakaobaki maji mafupi kwa hiari yao, na shamba lao lihudumiwe sawa na la wengine.

Ukifika wakati wa kupima mafanikio, weka kando ile safu ya idadi ya walionufaika. FAO ilipohesabu ajira za uvuvi na ukuzaji viumbe maji kwa mwaka 2020, wanawake walikuwa asilimia 21 katika uzalishaji. Ukijumlisha kazi za baada ya mavuno, wanakaribia nusu. Wanawake hao walikuwapo muda wote, kilichobadilika ni kipi kimeitwa kazi. Basi kila miezi sita uliza mambo machache yasiyodanganyika. Majina ya nani yamo kwenye ramani na mikataba? Saini za nani ziko benki? Katika mikutano mitatu iliyopita, pendekezo la nani lilipita? Ni wanawake wangapi wanaingia maji yanayowafika kifuani wakarudi wenyewe? Mfuko wa matengenezo una kiasi gani, na mwanachama asiyejua kusoma anaweza kukitaja? Majibu yaandikwe na katibu wa kikundi chenyewe, kwenye daftari lile lile la kilo na bei, na yasomwe siku ya bamvua jioni, kina mama wakiwa wamesharudi kutoka baharini na mwani umeshaanikwa.